Manang Paning na Vitambaa vya Uwanjani

Epifania Sumagaysay alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu akaunyamazia. Katika kanisa la Tinigbas watu walijifunza kutokaa benchi la mbele yake, kwa sababu katikati ya sala wangehisi pumzi ya mtu kisogoni, kisha mlio mdogo wa meno, na uzi umeshakatwa. Mwaka mmoja alimkata uzi padre mwenyewe, kwenye mkono wa kanzu, alipokuwa akimnyooshea komunyo. Padre aliruka kidogo. Yeye alisema "Amina," akarudi kukaa.

Wote walimwita Manang Paning, yaani dada mkubwa Paning, au Nang kwa kifupi, hata wale waliomzidi umri, naye alikuwa na miaka sitini na minne. Kwa miaka arobaini alikuwa ameshona sare za shule: sketi za marinda za buluu kwa wasichana wa pwani yote ile ya jimbo la Antique, na wa milimani pia, na suruali za wavulana wa Tinigbas. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la sita, na hakulificha jambo hilo.

"Nilitoka darasani kinyumenyume," alikuwa akisema, "mgongo ukutani kama kaa, mpaka mlangoni. Siku hizo sketi ilikuwa nyeupe. Aliyechagua nyeupe hakuwahi kuwa msichana."

Watu walicheka, naye alicheka. Kisha aligeukia cherehani yake, na kanyagio likaenda kasi kuliko kazi ilivyotaka.

Basi mwezi wa tano, Mwalimu Rhealyn aliteremka kutoka Igbalangaw, shule ya juu kabisa mlimani, akaja na jora la flaneli begani na karatasi ya vipimo mkononi. Flaneli ilitolewa na kikundi cha akina mama wa mjini Iloilo wanaojitolea, na walishasema ni hiyo tu, hakuna nyingine. Mwalimu alieleza kwamba ana wasichana arobaini na wawili waliokwisha kuvunja ungo, na kwamba kila mwezi kila mmoja wao hukosa shule siku nne, wengine tano. Wanatumia vipande vya nguo kuukuu. Wanavianika chini ya kitanda ili baba asivione, na huko havikauki, vinabaki na unyevu na harufu, na vinawawasha.

"Shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ya kwanza ya Juni," alisema Mwalimu. "Nikiwapata siku ile ya kwanza wakiwa na vifaa, nitawabakiza. Nikiwakosa mwezi wa kwanza, Nang, wengine hawarudi tena. Nawajua."

Manang Paning alilishika lile jora, akalisugua kwa kidole gumba. "Miaka arobaini nawashonea sare wakae darasani," alisema. "Kumbe nilikuwa nashona nusu ya sare."

Tangu siku hiyo nyumba yake ikawa kiwanda. Wanawake wanne wa kwaya walikuja kila asubuhi, na wa tano alikuwa Ludivina, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa na mkono mzuri wa mkasi na moyo wa kuku. Ludivina alikata. Paning alishona. Wengine walibana vifungo na kupitisha kamba kwenye mifuko.

Kila msichana angepata mfuko mmoja wa kitambaa. Ndani yake mngekuwa na chupi mbili, kipande cha sabuni, na vile walivyoviita vipepeo: pedi mbili za chini zenye mabawa, ambazo huzungushwa kwenye chupi na kufungwa kwa kifungo cha kubonyeza. Halafu vitambaa vinane vya flaneli. Kitambaa kimoja hukunjwa mara tatu na kuchomekwa juu ya kipepeo. Kikijaa, kinatolewa, kinawekwa kingine. Ujanja wote ulikuwa hapo. Kitambaa kile kikikunjuliwa kilikuwa mraba wa maua ya rangi nzito, umepindwa pande zote nne, na ukikiona kwenye kamba ungesema ni taulo dogo la uso. Msichana angeweza kukianika juani mbele ya baba yake, na baba akapita akipiga mluzi.

Lilibaki suala la usafiri. Igbalangaw ni mbali, na lori lilikuwa moja tu, la kijiji, chini ya Kapitan Tranquilino, ambaye ndiye mkuu wa Tinigbas. Paning alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake wa kwanza, kwa hiyo wao wawili waliitana Mare na Pare, na aliingia ofisini kwake bila kubisha.

"Pare, nataka lori Ijumaa ijayo."

"Lori lina ligi, Mare. Linabeba timu, linabeba viti, linabeba spika. Unapeleka nini?"

"Vifaa vya wasichana. Vya siku zao."

Kapitan alitazama dari, akatazama feni, akatazama picha ya rais ukutani kama mtu anayeomba msaada. "Mambo hayo, Mare, si ya kutajwa mbele yangu. Mimi ni mwanamume, tena niko kazini."

"Una mabinti watatu."

"Wana mama yao."

"Na nilitaka pia useme na wazazi kule juu. Wababa hasa."

"Tafadhali," alisema Kapitan, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. "Usinitajie tena."

Paning aliondoka. Mlangoni aligeuka, akamkata uzi uliokuwa ukitoka begani mwa shati, akaenda zake.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku sita, vitambaa vyote vilikuwa tayari, zaidi ya mia tatu. Karatasi ya vipimo iliagiza vifuliwe kwanza kwa maji ya moto ili flaneli ijikunje na kulainika, kisha vikaushwe kwenye jua kali. Uwanja wa Paning ulikuwa mdogo kama sahani. Mahali penye jua na uzio mrefu palikuwa pamoja tu, uwanja wa mpira wa kikapu, ambako watu wote huanika mpunga, mihogo na nguo bila kumwomba mtu.

"Leo ligi inafunguliwa," alisema Ludivina. "Wanaume watajaa pale."

"Saa tisa. Kufikia saa saba vimekauka. Na wakiviona, si mataulo tu? Ndiyo kazi yake hiyo, wifi, kuonekana mataulo."

Waliviweka kwenye uzio kwa mistari, vimebanwa vibanio, maua kwa maua, vikapendeza kama mapambo. Kisha walikwenda kusaidia kupika wali wa sikukuu kanisani, na wali wa watu mia mbili una mambo yake. Waliporudi ilikuwa saa tisa na robo. Uzio ulikuwa mtupu, na vibanio vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye ndoo.

Ikumbukwe kwamba Tinigbas hakuna mwanamume anayetoka nyumbani bila taulo dogo. Mtoto anawekewa mgongoni, ndani ya shati, ili jasho lisimwingie kifuani. Dereva analo shingoni, mzee analo kichwani, mchezaji analo kiunoni. Na kila ligi ikifunguliwa, kuna mkubwa fulani wa mjini ambaye hutuma zawadi: mwaka mmoja kofia, mwaka mwingine pepeo za mkononi. Safari hii Kapitan alikuwa ameomba mataulo katika ofisi ya meya, akaahidiwa. Alipofika uwanjani saa nane akakuta mamia ya mataulo mapya, laini, yananukia sabuni, yametundikwa kwa utaratibu kabisa, alifanya kile ambacho kiongozi yeyote wa pale angefanya. Alishukuru moyoni, akayagawa.

Manang Paning na Ludivina walisimama nyuma ya umati. Katikati ya uwanja Kapitan alikuwa na kipaza sauti. Timu zote sita zilikuwa zimepanga mistari, na kila mchezaji ana kitambaa cha flaneli shingoni. Waamuzi wanavyo. Wazee wa benchi la mbele wanavyo, wengine viwili viwili. Watoto wadogo vinawachungulia kwenye kola. Na Kapitan, kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, alikuwa akimvisha meya wa mji kitambaa chenye waridi nyekundu, huku mpiga picha akiwaambia wasogee karibu.

"Mama yangu mzazi," alisema Ludivina, akakaa chini.

Paning naye alikaa. Mabega yalikuwa yakimtetemeka, na Ludivina alidhani analia, akamshika mkono.

"Usilie, wifi."

"Silii," alisema Paning kwa shida. "Tazama yule mwamuzi. Amejifutia na midomo."

Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kicheko kilipokwisha, alihesabu kwa vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ijumaa Mwalimu Rhealyn atakuwa amesimama kwenye geti lake akitazama barabara. Flaneli nyingine hakuna. Mifuko arobaini na miwili ilikuwa imejipanga mezani kwake, ina sabuni, chupi na vipepeo, lakini vitambaa hamna. Aliacha kucheka, akasimama, akajikung'uta sketi.

Jumapili baada ya misa alianza na Nong Berto, yaani kaka mkubwa Berto, dereva wa pikipiki yenye kigari ubavuni, mtu mwenye tumbo kubwa na upole mwingi. Alikuwa amejilaza kwenye kigari chake, kitambaa cha buluu kisogoni.

"Nong, nirudishie hicho kitambaa."

"Hiki? Nimepewa na Kapitan."

"Nitakupa taulo lingine. Jipya."

"Silitaki lingine, Nang. Hili halina mfano. Jana nimekimbia safari kumi na mbili, jua la kupasua kichwa, nimekaa nalo shingoni mchana kutwa. Hakuna tone lililoshuka mgongoni. Linanyonya lote, halafu juu linabaki kavu." Alilitoa, akalikunjua kwa fahari. "Aliyeshona hili anajua anachofanya."

"Namfahamu," alisema Paning. "Atafurahi kusikia."

"Mwambie atengeneze makubwa zaidi."

Paning aliamua kumwacha hivyo hivyo. Alikuwa amepata wazo bora zaidi, nalo lilikuwa linakaa nyumba ya pili kutoka kanisani.

Kapitan alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda, kitambaa cha kijani shingoni. Mkewe Sabel alileta kahawa na wali wa nazi uliofungwa kwenye majani. Paning alikula kifungu kimoja polepole, akaweka mkoba wake magotini.

"Pare, taulo lako zuri."

"Laini, Mare, lishike. Ofisi ya meya safari hii hawakubahatisha."

"Linanyonya?"

"Vibaya sana. Jana nimehutubia saa nzima juani, kola yangu kavu."

"Halivuji pembeni?"

"Taulo litavujaje pembeni?"

"Nauliza tu. Hebu nipe nikuonyeshe kitu."

Kapitan alimpa. Paning alilikunja mara tatu juu ya goti lake, taratibu, akilinyoosha kwa kiganja. Kutoka kwenye mkoba alitoa kipepeo, kipya, kina maua yale yale. Alichomeka kitambaa mahali pake. Kisha alikiweka juu ya mkono wa kiti cha Kapitan, akazungusha mabawa kwa chini na kubonyeza kifungo. Kilisema tak.

Sabel ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka sinia chini kwa uangalifu mkubwa, akaingia jikoni, na kutoka huko kukasikika kifuniko kikianguka na mtu akikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Kapitan alichukua muda zaidi. Alikitazama kile kitu kwenye mkono wa kiti chake. Alikigusa kwa kidole kimoja.

"Hiki ni nini, Mare?"

"Ni kile ulichosema nisikutajie."

Mkono wa Kapitan ulipanda wenyewe hadi shingoni, ukakuta hamna kitu, ukashuka.

"Nimemvisha meya," alisema.

"Nimeona. Umemvisha vizuri, kwa mikono miwili."

"Picha iko kwenye ukurasa wa kijiji. Watu mia nne wameipenda."

"Mmoja wao ni mimi."

Kapitan alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto. "Unataka nini?"

"Vitambaa vyangu vyote. Lori Ijumaa. Na wewe mwenyewe ndani ya lori, useme na wababa wa Igbalangaw."

"Lori sawa. Na mimi sawa, nitakwenda. Lakini watu wasiambiwe ni nini, Mare, nakuomba. Nitavirudisha mwenyewe, kimya kimya. Nina maneno yangu."

"Nakupa mchezo mmoja," alisema Paning. "Wa Jumanne."

Jumanne uwanja ulijaa kuliko siku ya ufunguzi, na kulikuwa na sababu. Timu ya mtaa wa tatu, ambayo kwa miaka tisa haikuwahi kushinda hata mechi moja, Jumamosi ilishinda kwa pointi ishirini. Wachezaji wake walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa mataulo. Habari hiyo ilizunguka kijijini. Watu waliokuwa nacho kimoja walitafuta cha pili. Mtu mmoja alikuwa amekifunga kwenye mguu wa jogoo wake wa kupigana.

Mapumziko yalipofika Kapitan alishika kipaza sauti. Alisema kwamba kwa sababu za kiufundi, zinazohusu mambo ya rangi na uzi, ofisi inaomba mataulo yote yarudishwe kwa ukaguzi. Hakuna aliyesogea. Wazee wa benchi la mbele walivikunja vyao na kuvitia mfukoni. Mama mmoja alimvuta mtoto wake, akamfunga vifungo vya shati mpaka kidevuni.

"Ukaguzi wa nini?" aliuliza mtu kutoka nyuma. "Wanataka kuwapa watu wa kijiji kingine."

"Mtaa wa tatu tukianza kushinda ndipo kuna ukaguzi," alisema mwingine, na umati ukaguna kukubali.

Kapitan alirudia maneno yake kwa sauti kubwa zaidi, na yakazidi kukosa maana. Hatimaye aligeuka akamtafuta Paning kwa macho. Paning alikuwa ameshafika. Ludivina alikuwa amemshika sketi kwa nyuma, na sketi ilikuwa imenyooka kama tanga, lakini mshono ulikuwa wake mwenyewe, haukukatika. Ludivina aliachia.

Paning alichukua kipaza sauti, akakipuliza, akasubiri.

"Mnanijua," alisema. "Nimewashonea nyote suruali za kwanza. Navijua viuno vyenu. Kwa hiyo sitazunguka. Hivyo vitambaa mlivyo navyo shingoni si mataulo. Ni pedi za hedhi."

Mpira uliokuwa mkononi mwa mchezaji mmoja ulianguka, ukadunda, ukadunda tena, ukaviringika mpaka nje ya mstari. Hakuna aliyeufuata.

"Msiogope. Ni vipya. Nyinyi ndio wa kwanza kuvitumia."

Upande wa wanawake kulianza sauti ndogo kama maji yanayokaribia kuchemka.

"Tulivishona vifanane na taulo makusudi, ili binti akianika baba asijue. Sasa naona tulishona vizuri mno." Alingoja kicheko kipungue. "Ni vya wasichana arobaini na wawili wa Igbalangaw. Jumatatu shule inafunguliwa. Asiyekuwa navyo atabaki nyumbani, na mwezi ujao atabaki tena, na mwezi mwingine mama yake atasema, basi, kaa tu, chunga nguruwe. Mimi nilibaki nyumbani hivyo hivyo, kwa hiyo siwasimulii hadithi. Sasa vivueni."

Ilikuwa kana kwamba siafu wameangushwa uwanjani. Wachezaji walivinyofoa shingoni, mwamuzi akakitupa chake hewani, mzee mmoja akajaribu kukirudisha mfukoni mwa jirani yake. Wanawake walikuwa wameegemeana, wengine wanalia kwa kucheka. Nong Berto peke yake hakukurupuka. Alikaa na kitambaa chake cha buluu shingoni akifikiri.

"Mimi nina mabinti watano, Nang," alisema kwa sauti iliyosikika. "Kioo wamechukua, choo wamechukua, redio wamechukua. Nilijua tu hata hili lisingekuwa langu." Alisimama, akachukua kapu la mipira, akaimwaga mipira yote chini, akaanza kuzunguka mstari kwa mstari. "Tieni humu. Taratibu. Vikunjeni, si matambara."

"Kapitan," aliita mtu kutoka nyuma kabisa, "na cha meya?"

Kapitan Tranquilino alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, na yeye ni mtu aliyezoea kujibu anapotazamwa. Alichukua kipaza sauti. "Cha meya," alisema, "nitakifuata mwenyewe."

Alikifuata kesho yake asubuhi. Walichoongea huko ofisini hakijulikani mpaka leo, ila alirudi na bahasha ya kaki yenye muhuri, na ndani yake kitambaa cha waridi kimepigwa pasi.

Vilivyobaki vilikuwa vimelowa jasho la siku nne, na kimoja kilinuka jogoo. Ludivina alianza kukunja mikono ya blauzi ili afue. Paning alimzuia. Karatasi ya vipimo inasema, alitangaza, aliyelowesha ndiye anayefua. Karatasi haikusema hivyo hata kidogo, lakini nani angeomba kuisoma?

Kwa hiyo Jumatano mchana, kwenye pampu ya kijiji, wanaume ishirini na kitu walichuchumaa mbele ya mabeseni, wamenyamaza kama watu wanaoungama. Paning alipita katikati yao mikono nyuma.

"Usikikamue hivyo, Toto, unamnyonga nani? Bonyeza. Sabuni ya unga hapana, itawawasha. Suuza tena. Tena. Mpaka maji yawe kama ya kunywa."

"Nang, mbona mke wangu hajawahi kuniambia kwamba ni kazi hivi?"

"Uliwahi kumuuliza?"

Yule mtu aliinamia beseni lake. Kapitan alikuwa wa mwisho kwenye mstari, amefua sitini peke yake, vidole vimekunjamana, na kufikia jioni alikuwa akiwakosoa wengine.

Walipohesabu, vilipungua tisa, ambavyo havikuonekana tena. Ludivina alikata tamaa, maana jora lilikuwa limekwisha. Paning aliingia chumbani, akatoka na gauni lake la kulalia, la flaneli ya waridi za zambarau, akalitandika mezani. "Kata," alisema. "Na wasichana wasiambiwe kwamba nimelilalia miaka kumi."

Ijumaa lori lilipanda mpaka pale mto unapokata njia. Baada ya hapo mizigo ilikwenda mabegani, na Kapitan alibeba gunia moja, kwa kuwa Paning alimtazama. Mwalimu Rhealyn alikuwa getini. Alihesabu mifuko kwa midomo bila sauti, akafika arobaini na mbili, akamkumbatia Paning kwa nguvu hata miwani ya bibi ikapinda.

Darasani wasichana, walioitwa pamoja na baba zao kabla shule haijafunguliwa, walikaa wawili wawili, macho chini. Paning aliwaonyesha kipepeo, akawaonyesha kukunja, akawapa wabonyeze vifungo, na chumba kikajaa tak, tak, tak, na katika kelele hiyo macho yakaanza kuinuka. Bibi mmoja aliyekaa dirishani alisema kwamba hayo yote ni sawa, lakini msichana akianza lazima aruke kutoka ngazi ya tatu, ndipo damu itakaa siku tatu tu.

"Mimi niliruka ya tatu," alisema Paning. "Nikapata siku saba na goti bovu. Rukeni mkitaka, ila vaeni kipepeo kwanza."

Msichana mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma, Jonabel, alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo, kisha akauliza swali lililowafaa wote: wataanika wapi, maana nyumbani baba akiona atauliza ni nini.

Paning alitazama nje. Chini ya paa la jikoni la shule wababa kama thelathini walikuwa wamekaa, kofia magotini, kila mmoja anatazama upande wake. Mbele yao alisimama Kapitan Tranquilino.

Alisema kuhusu hali ya hewa. Alisema kuhusu barabara. Kisha alitia mkono mfukoni, akatoa kitambaa, na kwa namna fulani mikono yake, ambayo ilikuwa imefua sitini, ilijua la kufanya kabla yake. Alikikunja mara tatu juu ya mkono wake mwenyewe.

"Hiki binti yako atakiweka hapa," alisema, "akiwa katika siku zake. Akikitoa, anakifua kwa maji baridi kwanza. Ukitia ya moto doa halitoki, nimejaribu. Halafu kinakwenda juani. Juani, siyo chini ya kitanda. Chini ya kitanda ndiko wanakopata ugonjwa. Ukikiona kwenye kamba, ni chake, kiache."

Wababa walikitazama. Darasani wasichana walisikiliza, maana kila neno lilikuwa likiingia dirishani. Hatimaye mwanamume mmoja mwembamba, mwenye panga kiunoni, aliinua mkono kama mwanafunzi. Jonabel alimtambua baba yake, akajikunja kitini.

"Ninao mabinti wawili," alisema yule mtu. "Kamba iwe na urefu gani?"

Kapitan aligeuza kichwa. Alitazama dirishani.

"Pima mbili za mikono," aliita Paning. "Na iwe juu, kuku wasifike."

Yule mtu alisimama, akanyoosha mikono, akapima hewani mara moja, mara mbili. Mwenzake wa kando naye alisimama kupima.